Viungo Vinavyolegea Kupita Kiasi: Maumivu Yasiyoonekana Kwenye Eksirei na Jinsi ya Kuyadhibiti

Si jambo geni mkaazi kufika hospitalini akilalamikia magoti, mabega, mgongo na vidole, akapimwa damu, akapigwa picha ya eksirei, kisha akaambiwa kwamba vipimo viko sawa. Anarudi nyumbani na dawa za siku tano, na maumivu anarudi nayo vilevile. Miezi ikipita, watu wa nyumbani huanza kunong'ona: huyu mvivu, huyu anajifanya, huyu ana majini.

Yapo mambo mengi yanayoweza kuleta hali kama hiyo. Mojawapo, ambalo halijulikani sana miongoni mwa wakaazi, ni viungo kulegea kupita kiasi kutokana na hitilafu ya tishu zinazoushikilia mwili. Ni hali ya kuzaliwa nayo. Haina dawa ya kuiponya, lakini maumivu yake yanaweza kupunguzwa kwa kiasi kikubwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika nyumbani bila gharama. La kwanza ni kuelewa kinachotokea mwilini.

KWA NINI VIUNGO HULEGEA

Mifupa hushikanishwa na kano. Kano hizo, pamoja na ngozi, kuta za mishipa ya damu na kuta za utumbo, zina nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Kazi ya kolajeni inafanana na kazi ya kamba katika nyumba ya udongo. Kamba zikikaza, fito hazitikisiki. Zikilegea, nyumba bado husimama, lakini kila upepo ukivuma fito husuguana na kuhama mahali pake.

Mtu mwenye hitilafu hii ana kano zinazovutika kuliko kawaida. Kiungo hupita mwisho wake wa kawaida, na wakati mwingine huchomoka kidogo na kurudi chenyewe. Bega linaweza kuteguka kwa kuinua tu ndoo, na kifundo cha mguu kikapinda kwenye njia tambarare.

Madaktari huyaita matatizo ya kundi hili Ehlers-Danlos, kwa majina ya madaktari wawili wa ngozi, Edvard Ehlers wa Denmark na Henri-Alexandre Danlos wa Ufaransa, walioyaeleza mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 2017 wataalamu wa kimataifa waliorodhesha aina 13. Inayopatikana zaidi ni ile ya viungo kulegea, na hiyo ndiyo aina pekee kati ya hizo ambayo chembe ya urithi inayoisababisha haijajulikana. Kwa hiyo hakuna kipimo cha damu cha kuithibitisha. Daktari huitambua kwa kumchunguza mgonjwa, kuuliza historia ya familia na kuondoa uwezekano wa magonjwa mengine. Wapo pia wenye viungo vilivyolegea na maumivu ambao hawatimizi masharti yote ya kuitwa wagonjwa wa Ehlers-Danlos. Maumivu yao ni ya kweli vilevile, na matunzo ni yale yale.

KULEGEA PEKE YAKE SI UGONJWA

Watu wengi wana viungo vyepesi na hawaumwi popote. Watoto hupinda kuliko watu wazima, na wanawake kuliko wanaume. Mcheza ngoma au sarakasi anayepinda mgongo kama upinde huenda ana afya kamili. Jambo huwa tatizo pale ulegevu unapoambatana na maumivu ya muda mrefu, viungo kuteguka mara kwa mara, au uchovu usioisha.

Wahudumu wa afya hutumia kipimo chepesi chenye alama 9:

• Kidole cha mwisho cha mkono kikiinuliwa kuelekea nyuma na kupita nyuzi 90: alama 1 kwa kila mkono.
• Kidole gumba kikikunjwa na kugusa sehemu ya mkono iliyo kati ya kifundo na kiwiko: alama 1 kwa kila mkono.
• Kiwiko kikipinda kinyumenyume zaidi ya nyuzi 10: alama 1 kwa kila mkono.
• Goti likipinda kinyumenyume zaidi ya nyuzi 10: alama 1 kwa kila mguu.
• Mtu akiinama bila kukunja magoti na kuweka viganja vyote sakafuni: alama 1.

Mtoto ambaye hajabalehe huhesabiwa kuwa na ulegevu akipata alama 6 au zaidi, mtu mzima hadi miaka 50 akipata 5 au zaidi, na aliyepita miaka 50 akipata 4 au zaidi. Alama hizi peke yake hazitoshi kumwita mtu mgonjwa. Ni kianzio cha mazungumzo na mhudumu wa afya, na si vyema kuzirudiarudia nyumbani, kwa kuwa kupinda huko kwenyewe huchokoza viungo.

Maumivu ya viungo yana sababu nyingine ambazo lazima ziangaliwe kwanza. Hapa Pwani selimundu ni miongoni mwake, na huleta maumivu makali ya mifupa kwa watoto na watu wazima. Kuna pia baridi yabisi, kifua kikuu cha uti wa mgongo, na homa ya baridi yabisi inayoweza kudhuru moyo wa mtoto. Ndiyo maana haifai mtu kujipa jina la ugonjwa mwenyewe kisha akaketi nyumbani.

KWA NINI PICHA HAIONYESHI KITU

Eksirei huonyesha mifupa. Haionyeshi kano iliyovutika, wala msuli uliochoka. Vipimo vya damu hutafuta uvimbe au maambukizi, na katika hali hii mara nyingi havipati chochote. Kwa hiyo majibu mazuri hayamaanishi kwamba mtu haumwi. Yanamaanisha kwamba kinachomuumiza hakionekani kwa vipimo hivyo.

Maumivu hutoka sehemu tatu. Kwanza ni majeraha madogo madogo: kiungo kinapopita mwisho wake, tishu zinazokizunguka huumia kidogo, na kesho yake tena. Pili ni misuli. Kano zikishindwa kushika kiungo, misuli huchukua kazi hiyo mchana kutwa, hata mtu akiwa amesimama tu akisubiri matatu. Jioni inakuwa imekaza na kuchoka kama ya mtu aliyelima ekari nzima. Tatu ni mishipa ya fahamu. Maumivu yakidumu kwa miezi au miaka, ubongo na mishipa hiyo huwa na wepesi wa kushtuka, na jambo dogo huhisiwa kama kubwa. Huko si kujifanya. Ni mabadiliko halisi ya mwili, na yanaweza kutulizwa.

Kuna pia tatizo la kujua kiungo kiko wapi. Mtu wa kawaida hujua goti lake limenyooka kiasi gani bila kuliangalia. Mwenye viungo vilivyolegea mara nyingi hupoteza sehemu ya hisia hiyo, ndiyo maana hujikwaa, huangusha vikombe, au husimama magoti yakiwa yamesukumwa nyuma bila kujua.

KUPUMZIKA SANA HUONGEZA MAUMIVU

Anayeumwa hutamani kulala, na jirani humwambia apumzike. Siku moja au mbili baada ya kuteguka, ushauri huo ni mzuri. Wiki nzima kitandani hudhuru. Misuli ndiyo inayofanya kazi ambayo kano zimeshindwa, na msuli usiotumika hunywea haraka. Mtu akiinuka, viungo vyake huwa vimelegea kuliko alipolala.

Tiba yenye manufaa zaidi kwa muda mrefu ni mazoezi ya kuimarisha misuli, yakianza kidogo kidogo chini ya uangalizi wa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Baadhi ya mazoezi ya mwanzo ni haya:

• Kuketi mguu ukiwa umenyooshwa juu ya mkeka, kitambaa kilichokunjwa kikiwa chini ya goti, kisha kukaza paja na kukibonyeza polepole kwa hesabu ya 5.
• Kulala chali magoti yakiwa yamekunjwa, kuinua nyonga kidogo, kushikilia kwa hesabu ya 5, kisha kushuka polepole.
• Kusimama mbele ya ukuta na kuusukuma kwa mikono, viwiko visifike mwisho wa kunyooka.
• Kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza au ukuta wa kushikilia, goti likiwa limelegezwa kidogo.

Kuanza na marudio matano ya kila zoezi mara moja kwa siku kunatosha. Yanaongezwa baada ya wiki, si baada ya siku. Kipimo cha kujua kama yamezidi ni kesho yake: misuli kuchoka kidogo ni kawaida, lakini maumivu yakiongezeka na kudumu hadi siku ya pili, marudio yapunguzwe, yasiachwe kabisa. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa, na kwa wengi baada ya miezi. Haba na haba hujaza kibaba.

Kutembea ndani ya maji yanayofika kiunoni pia husaidia, kwa sababu maji hubeba uzito wa mwili huku yakiipa misuli kazi. Mahali penye maji yaliyotulia, na akiwepo mtu wa kumwangalia, zoezi hili halina gharama.

Kinachopaswa kuepukwa ni mazoezi ya kujinyoosha hadi mwisho. Mwenye viungo hivi huhisi misuli imekaza, akajivuta ili apate nafuu. Nafuu huja kwa dakika chache, lakini kano huzidi kuvutika.

KUGAWANYA KAZI

Siku njema ndiyo humponza mgonjwa. Anaamka bila maumivu makali, anaamua kumaliza kazi zote zilizolala: anafua, anachota maji, anapalilia, anakuna nazi za wageni. Siku tatu zinazofuata hainuki. Akipata nafuu, anarudia yale yale.

Dawa ya mzunguko huo ni kufanya kiasi kinacholingana siku njema na siku mbaya. Kazi inakatwa vipande, na mapumziko yanapangwa kabla maumivu hayajafika. Anayeshona makuti anaweza kushona kwa dakika 20, akasimama na kutembea kidogo, kisha akaendelea. Badala ya kubeba mtungi mmoja wa lita 20 kwa mkono mmoja, hubeba miwili ya lita 5, mmoja kila mkono, na kurudi mara ya pili. Nguo zinagawanywa kwa siku mbili.

Namna ya kushika vitu pia ina uzito wake. Mpini mwembamba wa kisu au mwiko hulazimisha vidole kukaza sana. Ukizungushiwa kitambaa au mpira ukawa mnene, vidole hupumua. Sufuria ishikwe kwa mikono miwili. Kuketi kwenye mbuzi ya nazi kwa muda mrefu huvuta nyonga na mgongo, kwa hiyo nazi moja inakunwa, mtu anasimama, kisha ya pili. Mtoto abebwe karibu na kifua au mgongoni kwa leso iliyokaza, si kwa kuegemezwa upande mmoja wa nyonga saa nzima.

Bandeji na vishikizo vya viungo vina kazi yake wakati wa shughuli nzito au baada ya kuteguka. Kuvivaa mchana na usiku bila ushauri huifanya misuli iwe goigoi. Usiku, mto kati ya magoti na mwingine chini ya mkono huzuia bega na nyonga kuning'inia. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto na kukamuliwa hulegeza misuli iliyokaza, mradi kisiwe na joto la kuunguza ngozi.

DAWA: NINI HUSAIDIA NA NINI HUDHURU

Dawa zina nafasi yake, lakini ni nafasi ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Lengo lake ni kumwezesha mgonjwa afanye mazoezi na alale, si kufuta maumivu yote.

Paracetamol ni salama kwa wengi ikitumiwa ipasavyo. Mtu mzima asipitishe vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24. Ikumbukwe kwamba dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani yake, na kuzichanganya huweza kuharibu ini.

Ibuprofen na diclofenac ni za jamii moja na hazifai kumezwa pamoja. Zikitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi huweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito asizitumie bila agizo la daktari. Kupita duka la dawa kila wiki kuchomwa sindano ya maumivu si matibabu ya hali hii.

Tramadol na codeine hazifai kwa maumivu ya miaka mingi. Mwili huzizoea, dozi huhitaji kuongezwa, na mtu huweza kuwa mraibu bila kukusudia.

Wakati mwingine daktari huandika dozi ndogo ya dawa kama amitriptyline, ambayo kwa dozi kubwa hutibu huzuni iliyokithiri. Mgonjwa asishtuke akidhani anaonekana mwenda wazimu. Dozi hiyo ndogo hutuliza mishipa ya fahamu na kusaidia usingizi. Akihisi kisunzi, amweleze daktari.

KUKANDWA NA KUVUTWA

Wakandaji wa viungo wana heshima yao katika jamii, na kukandwa kwa upole juu ya misuli huleta nafuu. Hatari iko katika kuvuta, kupindua na kuteua kiungo kwa nguvu. Kwa mtu ambaye kano zake tayari zimelegea, kuvutwa huko huongeza ulegevu na huweza kudhuru mishipa. Anayeamua kwenda kwa mkandaji amweleze mapema kwamba viungo vyake havivutwi.

Tahadhari pia itolewe kuhusu unga na vidonge visivyo na lebo vinavyouzwa kama dawa ya viungo. Vingine vya aina hii vimewahi kupatikana vikiwa vimechanganywa na steroidi. Humpa mtu nafuu ya haraka, kisha huleta kisukari, mifupa dhaifu na madhara mengine.

MTOTO SHULENI

Mtoto mwenye hali hii mara nyingi hujulikana kwa kuwaburudisha wenzake akipinda vidole nyuma. Mwalimu na mzazi wamwelekeze aache mchezo huo bila kumgombeza. Huenda pia mwandiko wake ni mbaya, anaandika polepole, na miguu humuuma usiku. Viboko na maneno ya kumwita mzembe havikazi kano.

Kalamu nene, kiti ambacho miguu inafika chini, na ruhusa ya kusimama baada ya muda humsaidia. Asiondolewe kabisa kwenye michezo, kwani misuli yake inahitaji kazi. Apewe ile isiyo ya kugongana wala kuvutana. Shule inaweza kumpeleka kwenye kituo cha elimu cha tathmini na rasilimali, na kwa watahiniwa wenye mahitaji maalum, Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC, lina utaratibu wa kutoa muda wa ziada ombi linapopitia kwa mwalimu mkuu.

UJAUZITO, MENO NA UPASUAJI

Mama mjamzito mwenye viungo hivi aeleze hali yake katika ziara ya kwanza ya kliniki, kwa kuwa maumivu ya nyonga huweza kuongezeka na kuvuja damu baada ya kujifungua kunahitaji kutazamwa. Anayeng'olewa jino au kushonwa kidonda amweleze mhudumu mapema. Kwa baadhi ya wagonjwa ganzi haishiki vizuri, na kidonda huchelewa kufunga.

DALILI ZA KUKIMBIZWA HOSPITALINI

• Maumivu makali ya ghafla ya kifua, tumbo au kichwa. Kuna aina ya Ehlers-Danlos, isiyotokea mara nyingi, inayodhoofisha mishipa mikubwa ya damu na utumbo. Familia ambayo ndugu alifariki ghafla akiwa kijana kwa kupasuka mshipa imweleze daktari.
• Kiungo kilichochomoka na kukataa kurudi, au mkono ama mguu uliokufa ganzi na kuwa baridi.
• Kiungo kimoja kilichovimba na kuwa cha moto pamoja na homa.
• Miguu kuishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri, au kushindwa kuzuia mkojo na choo.

PA KUANZIA

Hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, anastahili huduma ya msingi huko bila kulipa, na ambaye hajajisajili anaweza kubonyeza *147# au kumwomba mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake amsaidie. Kutoka hapo hupewa barua ya rufaa kwenda hospitali yenye daktari na kitengo cha fiziotherapia. Kabla ya kuanza vikao vya tiba ya viungo, aulize ofisi ya SHA hospitalini ni kiasi gani kitagharamiwa.

Ziara hiyo huwa na faida zaidi mgonjwa akienda na maandishi mafupi: viungo vinavyouma, vilivyowahi kuteguka na mara ngapi, dawa zote anazotumia, na ndugu wenye hali kama hiyo. Badala ya kusema "mwili wote unauma" peke yake, aeleze pia kile ambacho hawezi kukifanya: kuinua ndoo, kupanda ngazi, kuandika ukurasa mmoja, kulala upande wa kushoto.

Ambaye maumivu yamemzuia kufanya shughuli za kila siku kwa muda mrefu anaweza kuomba tathmini ya ulemavu katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa, na akikubaliwa asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ulemavu si lazima uonekane kwa macho.

Jamaa za mgonjwa nao wana sehemu yao. Kumsaidia kubeba mtungi siku mbaya ni msaada. Kumfanyia kila kitu kila siku humdhoofisha, na kumwita mvivu humfanya afiche maumivu hadi yazidi. Kinachomfaa zaidi ni mtu wa kumkumbusha mazoezi yake hata siku ambayo haumwi.